Boksi Tupu la Mama Krimu

Boksi lenyewe lilikuwa tupu. Tuanze na hilo, asije mtu akasema baadaye kwamba amedanganywa. Lilisimama kwenye rafu ya jikoni, kati ya kopo la majani ya chai na chupa ya mafuta, limegeuzwa uso wake mzuri kuelekea mlangoni, ule wenye picha ya jagi linalomimina kitu cheupe kizito. Mgeni akiingia kuomba maji ya kunywa, aliliona boksi kabla hajaiona glasi. Ndani hamkuwa na kitu tangu siku lilipofika. Mwenye jikoni aliliokota nyuma ya hoteli moja alikokwenda kupeleka vitambaa vya meza alivyoshona, akaliosha, akalianika, akarudi nalo nyumbani ndani ya mkoba, chini ya futi ya kupimia.

Huyo mwenye jikoni ndiye ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Krimu. Haya, cheka kwanza, halafu tuendelee.

Mama Krimu alikuwa fundi cherehani. Sebule yake ilikuwa ndiyo karakana: sare za shule zimerundikwa kwenye kochi, vifungo kwenye kopo la maziwa ya unga, pini kwenye mkono wa kiti, na ole wake anayekaa bila kuangalia. Mume wake alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kuja na nguo chafu na kuondoka na nguo safi. Watoto walishakua wakaenda kutafuta maisha yao. Kwa hiyo nyumbani alibaki yeye, cherehani, na mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kwa muda tu. Alivunjika nyonga, akatibiwa, daktari akamkataza ngazi, na binti yake, ambaye ndiye angemchukua, alikuwa akiishi ghorofani. "Miezi michache tu, wifi," alisema binti huyo. Alikuwa meneja wa ofisi ya bima, na ukoo wote, hata mama aliyemzaa, ulimwita Meneja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakuhitaji kupewa jembe, alikuja na ulimi wake, na ulimi ulilima kutwa. Chai ilikuwa maji ya kuoshea vikombe. Wali ulikuwa kokoto. Nyama ilikuwa ya kumtafutia mtu ugomvi na meno, tena yeye meno yenyewe hakuwa nayo, yalikaa kwenye glasi kando ya kitanda na kuvaliwa siku za wageni.

"Kwenu mlikuwa mnakula nini, mwanangu?" aliuliza siku moja, kwa sauti ya huruma kabisa.

Neno lile lilimchoma Mama Krimu, ambaye wakati huo alikuwa bado anaitwa kwa jina la mwanawe kama binadamu wengine. Akaapa kwamba atapika kitu ambacho ajuza yule hatakitia dosari, hata kama ni mara moja, hata kama ni kwa bahati mbaya. Akamkumbuka shangazi yake, aliyewahi kupika nyumbani kwa daktari mmoja mwenye kupenda makuu. Krimu ilipokuwa ikimwishia katikati ya kazi, shangazi hakwenda kumsumbua mtu. Alichukua siagi, akaiyeyusha taratibu kwenye maziwa, moto mdogo, isichemke hata kidogo, akaimimina ingali moto kwenye blenda, akaipiga mpaka povu lipande na siagi isahau kama iliwahi kuwa siagi. Kisha kwenye friji. Ikitoka huko ni nzito, inakaa kwenye kijiko, na daktari alikula miaka yote bila kuuliza swali.

Basi akafanya vivyo hivyo, akaitia kwenye supu ya boga. Mama mkwe akanywa kijiko cha kwanza, cha pili, akakwangua bakuli mpaka likalia.

"Umetia nini humu?"

Jibu lilikuwa jepesi: siagi na maziwa, mama. Lakini mtu aliyekwisha kuulizwa kwao walikuwa wanakula nini hajibu jibu jepesi. Alijivuta kidogo, akapangusa meza isiyokuwa na uchafu.

"Krimu," alisema. "Ile nzito. Ya boksi."

"Ya boksi," mama mkwe alirudia, taratibu, akimtazama.

"Ya boksi, mama."

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyoambiwa. Waliosema hivyo hawakumjua fundi huyu. Ya kwake ilikwenda miaka, ina kona na madaraja. Mama mkwe alikuwa akikaa mlangoni jioni na kuwatangazia wapita njia: "Mimi napikiwa kwa krimu ya boksi. Ninyi wakwe zenu wanawapa nini?" Wakwe wa mtaa ule walimchukia Mama Krimu kwa moyo mmoja, na kwa kumkomoa wakampa jina. Jina likanoga, likabaki. Ndipo boksi la hotelini lilipopata kazi kwenye rafu.

Tatizo likawa blenda, kwa sababu blenda haijui kunong'ona.

"Unasaga nini huko?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

"Juisi, mama."

Ukishasema juisi, lazima juisi ionekane. Kila palipopikwa supu, pakatengenezwa na jagi la juisi, papai, embe, nanasi, chochote kilichokuwapo, na mama mkwe akaletewa glasi yake na kuinywa kimya. Dereva aliporudi safari moja akafungua friji, akasimama pale mpaka ubaridi ukamwishia.

"Mke wangu, tumefungua duka la juisi?"

"Ni kwa afya ya mama," alijibiwa, na kwa kuwa mama ni mama yake, akafunga friji.

Sasa, hapa nataka tuelewane. Ukidhani hii ni habari ya mkwe na mkwe wanaokulana nyama, umechelewa, hiyo ilikwisha zamani. Ilikwishaje, hata wao hawajui. Kwanza mama mkwe alichoka kukaa bure, akaomba apewe kazi ya kufumua mishono iliyokosewa. Macho yalikuwa yangali mazima. Akawa anakaa kando ya cherehani na wembe wake, anavuta nyuzi moja moja na kuwasengenya wateja: yule kiuno chake hakikui, kinakuja, yule mama anapima sare ya mtoto kama anapima gunia. Mama Krimu alikuwa akicheka mpaka mguu unateleza kwenye kanyagio. Kisha Mama Krimu akashikwa na homa, akalala hajijui, akaamka kukuta mama mkwe amesimama kando ya kitanda, fimbo mkono mmoja na bakuli la uji mkono mwingine. Nusu ya uji ilikuwa imemwagika njiani. "Kunywa kilichofika," alisema.

Tangu hapo alimpenda. Ndiyo, alimpenda, sioni haya kulisema ingawa yeye aliona. Asubuhi alikuwa akitega sikio, na akiisikia fimbo ile ikigonga sakafu ya korido, moyo unatulia. Lakini mtu aanzie wapi kumwambia mama mkwe maneno kama hayo? Alimpikia supu.

Basi Meneja akahamia nyumba mpya. Ya chini, haina ngazi hata moja, bafu lina vyuma vya kushikilia. Akaja na habari hiyo akiwa anatabasamu, akakaa kwenye kochi, akachomwa na pini, akahamia kiti kingine.

"Wifi, umetubebea vya kutosha. Mungu akulipe. Sasa mama aje kwangu, nawe upumue."

Kila mtu alimpongeza Mama Krimu. Jirani, yule mama muuza vitambaa vya mapazia, alimshika mkono kama aliyetoka kifungoni. Mume wake kwa simu alisema, "Si ndiyo vizuri, upumzike?" Akajibu ndiyo, atapumzika, kisha akarudi kwenye cherehani akashona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Mke wa mwana atasemaje kwamba hataki mama aende kwa binti yake wa kumzaa? Watu wangesema anataka kitu. Na kweli alikuwa anakitaka.

Mwenye kauli alikuwa mama mwenyewe. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, akaweka wembe chini.

"Nitakuja," alisema. "Lakini siku utakaponipikia supu ya boga kama ya huyu. Upike wewe, kwa mkono wako. Na krimu iwe ya boksi, sitaki ubabaishaji."

"Hilo tu?" Meneja alicheka. "Jumapili nakuja na maboksi."

Mama Krimu alibaki na hofu mbili, na zilikuwa haziongei. Ya kwanza, krimu ya kweli ikiingia kwenye supu itakuwa tamu kuliko ya kwake, mama ataenda, na mtaa utajua kwamba Mama Krimu ni Mama Siagi. Ya pili, haitakuwa tamu, na hapo wifi atauliza kwa nini, maana Meneja anaishi kwa kuuliza watu kwa nini, na mama akijua amedanganywa ataondoka. Katika zote mbili alijiona anasikiliza korido isiyo na fimbo.

Jumapili Meneja alifika na aproni mpya yenye mikunjo ya dukani na kasha la barafu lililojaa maboksi. Kupika hakujui, hilo tuliseme bila kumsengenya. Kwake ana mpishi, na yeye mwenyewe jikoni huingia kutafuta chaja.

"Nifundishe tangu mwanzo, wifi. Usinifiche kitu."

Boga lilikuwa limeshachemshwa na kupondwa. Mama Krimu akalipokea boksi la kwanza, na nusura limponyoke. Hakuwa anajua kama yana uzito. Akaligeuza huku, akaligeuza kule, akitafuta linapofunguliwa.

"Si unakata hapa, kwenye mstari?" Meneja aliuliza.

"Mimi huwa nakata popote."

Mtu mwingine yeyote angeimimina krimu ile kwenye sufuria, akakoroga, akaenda zake kukaa. Iko tayari, imetoka ng'ombeni na kiwandani, haidai chochote. Lakini mikono ya Mama Krimu ilikuwa inajua njia moja tu ya kufika kwenye krimu, nayo inapita kwenye blenda. Akaimimina humo, akafunga kifuniko, akampa wifi kitufe.

"Tunapiga."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mkono uchoke."

Blenda ikanguruma. Krimu ikavimba, ikawa nzito, ikawa nzuri kuliko krimu yoyote aliyowahi kuiona, na hapo ndipo angesema basi. Hakusema. Krimu yake ya siku zote haikuwahi kuwa nzito kabla ya kuingia kwenye friji, akadhani hii bado inadanganya. Wakaendelea. Mashine ikakohoa, ikakwama, ikajikwamua, kisha ikaanza kutoa sauti ya maji yanayopigwa mateke. Meneja akazima. Wakachungulia. Mabonge ya manjano yalikuwa yanaogelea kwenye maji meupe.

"Ndivyo inavyokuwa?" Meneja aliuliza.

Mama Krimu aliyatazama yale mabonge. Rangi ile aliijua. Alikuwa ameinunua dukani maisha yake yote, imefungwa kwenye karatasi.

"Ndivyo," alisema. "Hiyo ni hatua ya kwanza."

Na kwa kweli, mbele ya siagi, alikuwa nyumbani. Akamwonyesha wifi kuchuja maji, kuyakusanya mabonge, kuyaminya. Akapasha maziwa. Moto mdogo, wifi, isichemke. Wakaiyeyusha ile siagi taratibu kwenye maziwa, wakairudisha kwenye blenda ingali moto, wakapiga tena, mpaka mkono ukachoka kweli safari hii, wakaitia kwenye friji na kuingojea. Meneja jasho lilikuwa limeteremka mpaka kwenye kola, na nywele alizotengeneza kwa ajili ya wiki nzima zilikuwa zimeshakata tamaa.

"Wifi, kumbe unateseka hivi kila mara?"

"Nimezoea."

Ilipotoka kwenye friji, Mama Krimu akaionja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa nzito sawasawa, ila ladha ilipwaya. Siagi ya dukani ina chumvi yake, na hii iliyozaliwa mikononi mwao haikuwa nayo. Hapo ndipo ilipokuwa salama yake, imelala mbele yake kwenye bakuli. Angenyamaza tu. Supu ingepwaya, mama angesukuma bakuli, na Meneja angerudi nyumbani kwake na kasha lake la barafu. Alilijua hilo vizuri kama anavyojua jina la mumewe.

"Ongeza chumvi kidogo hapa, wifi," alisema.

Jamani. Mdomo ulisema kabla mwenyewe hajauliza. Lakini fundi ni fundi, hawezi kuona mshono umepinda akauacha, hata kama nguo ni ya kuvaliwa siku ya kuhama mtu anayempenda.

Mama mkwe alivaa meno, kwa kuwa ilikuwa shughuli. Akanywa kijiko cha kwanza akatulia. Akanywa cha pili. Kisha akainua macho, na hakumtazama binti yake aliyekuwa amesimama na aproni iliyotapakaa. Alimtazama Mama Krimu, akamtazama sana.

"Ndiyo yenyewe," alisema, akaweka kijiko. "Nguo zangu ziko kabatini."

Meneja akatoka kwa furaha kwenda kutengeneza nafasi kwenye gari. Mama Krimu akaingia chumbani, akafungua kabati, akaanza kukunja. Nyuma yake fimbo ikagonga, kitanda kikalia.

"Ungeniambia tu kwamba umenichoka," mama mkwe alisema.

"Mama?"

"Siagi na maziwa. Siri hiyo nilijua utazikwa nayo. Nikaweka sharti la krimu ya boksi nikijua mwanangu hatafika nalo popote, nibaki zangu hapa nifumue mishono. Nawe umemfundisha siagi. Mpaka chumvi nimekusikia ukimwagiza."

Mama Krimu akakaa chini na gauni mikononi.

"Ulikuwa unajua?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Meno sina, ulimi ninao, na siagi ina chumvi. Juisi yote ile ni ya nani? Boksi lako nimelisoma, muda wake uliisha kabla sijavunjika nyonga. Ningekuwa nanywea hilo, mngekuwa mmeshanisahau."

"Na hukusema."

"Niseme ili iweje? Ulikuwa unajitesa kwa ajili yangu, mwanangu. Ilikuwa inanifurahisha." Akaigeuza fimbo mkononi. "Mpaka leo."

Ndipo Mama Krimu aliposema, maneno yakitoka kwa kukanyagana. Kwamba hakumfundisha mtu siagi. Kwamba aliipiga krimu ya wifi kama anavyopiga siku zote, ikamgeukia, na siagi ilipotokea hakuwa na njia nyingine anayoijua. Kwamba krimu haijui, hajawahi kuishika, leo ndiyo mara ya kwanza. Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, mkono kwenye nyonga, machozi yakimtoka, mpaka akalazimika kuvua meno.

"Na chumvi?" aliuliza alipoweza.

"Chumvi ilinitoka tu. Nikaisikia nimeshaisema." Akalikunja lile gauni, akalikunjua. "Sitaki uende, mama. Nikisikia fimbo yako kwenye korido ndiyo najua kumekucha."

Mama mkwe alipangusa machozi. Kisha akanyoosha fimbo akaligusa kabati.

"Rudisha hizo nguo."

Meneja alirudi na funguo mkononi, akamkuta mama yake amekaa sebuleni, meno yamerudi mahali pake.

"Nimefurahi, mwanangu. Sikujua una mkono mzuri hivyo. Ila tuelewane. Supu hii mimi naitaka kila siku. Na uipige wewe, siyo mpishi wako, nitajua. Hatua zote, kama leo. Kupiga, kuchuja, kuyeyusha, kupiga."

Meneja alitazama kucha zake, ambazo chini yake siagi ilikuwa ingali imeganda.

"Kila siku, mama?"

"Siku za baridi mara mbili."

Meneja akakaa. Akakaa juu ya pini, na hata hakushtuka. Akasema kwamba kusema kweli rangi ya nyumba mpya bado inanuka, na kifua cha mama si cha kukichezea. Tena ofisini kuna ukaguzi. Labda mama angekaa kwa wifi kidogo kwanza, mambo yatulie, kama wifi hatachoka.

"Sitachoka," alisema Mama Krimu, haraka kuliko adabu inavyotaka.

Meneja akaondoka akiwaachia maboksi yaliyobaki, zawadi. Hawakujua wayafanyie nini. Mwishowe waliyapiga yakawa siagi, wakapaka mkate.

Supu iliyofuata, mama mkwe hakungoja chumbani. Alikuja na fimbo yake mpaka jikoni, akavuta kiti, akakaa.

"Leo juisi usinitengenezee," alisema. "Miaka yote hii tumbo langu linaunguruma kwa ajili ya heshima yako. Lete siagi nikusaidie kuibandua karatasi."

Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuibandua, maziwa yako motoni, blenda iko wazi, jirani yule wa mapazia akaingia kuomba uzi mweupe. Akaitazama sufuria, akaitazama blenda.

"Mama Krimu, leo unapiga nini?"

Mama Krimu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza neno juisi halikuja. Mama mkwe alikuwa ameshavuta mtandio wake na kuifunika siagi mapajani.

"Krimu," alisema. "Ya boksi. Huoni boksi lile pale juu?"

Jirani akaliona, akaguna, akakaa kwenye kizingiti kupiga soga. Joto la jikoni lilikuwa kali. Siagi ikaanza kuyeyuka na kulowanisha gauni, na mama mkwe hakusogea mpaka mgeni alipoondoka na uzi wake.